Madalali wa nyumba na viwanja: Nani anaijua bei halisi?

MKULIMA wa Suguti anapopeleka gunia la mahindi au la mihogo mikavu sokoni, anajua mambo mawili kabla hajarudi nyumbani: limeuzwa shilingi ngapi na nani amelinunua. Mvuvi naye akiteremsha sangara mwaloni asubuhi, mzani uko mbele ya macho yake na bei ya siku hiyo inatajwa kwa sauti. Lakini mtu huyo huyo anapoamua kuuza kiwanja au nyumba, ambayo pengine ndiyo mali kubwa kuliko zote alizopata kuwa nazo, mara nyingi hurudi nyumbani na fedha mkononi bila kujua mnunuzi alitoa kiasi gani.

Anayejua ni mtu mmoja tu, naye ni dalali.

Jambo hili lilikuwa dogo zamani, wakati ardhi ya vijiji vya kando ya Ziwa Victoria ilipokuwa ikihama kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, au jirani akimmegea jirani mwenzake kipande kwa makubaliano ya wazee. Siku hizi mambo yamebadilika. Kata ya Suguti, yenye vijiji vya Suguti, Kusenyi, Chirorwe na Wanyere, imepata hospitali ya wilaya iliyojengwa katika Kijiji cha Suguti. Barabara ya Musoma–Makojo–Busekera inapita katika eneo hilo, na kati ya Suguti na Kusenyi kimejengwa kipande cha lami cha kilomita tano.

Panapokuja hospitali, hufuata wauguzi wanaotafuta vyumba vya kupanga, wafanyabiashara wa maduka ya dawa na mama lishe wanaotaka vibanda. Hufuata pia watu wa Musoma mjini na Mwanza wanaotaka kiwanja kabla bei haijapanda, pamoja na wana wa Suguti walioko Dar es Salaam wanaotaka kurudi kujenga kwao. Wote hao humpigia simu mtu anayesemekana kujua palipo na eneo linalouzwa.

Hapo ndipo dalali anapoingia, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

Cha juu kinavyotengenezwa

Si haki kusema kwamba dalali hana kazi. Dalali mzuri anajua nani anauza na nani ana fedha, anatumia nauli na muda wake kumzungusha mteja, na humpunguzia muuzaji usumbufu wa kupokea watu wasio na nia ya kununua. Kazi hiyo inastahili malipo. Katika miji mingi ya Tanzania, malipo hayo yamezoeleka kuwa kodi ya mwezi mmoja kwa chumba au nyumba ya kupanga, na takriban asilimia 10 kwa nyumba au kiwanja kinachouzwa, ingawa hujadiliwa.

Tatizo ni kile ambacho mitaani huitwa cha juu. Tuchukue mfano. Mjane mmoja anauza kiwanja chenye nyumba ya vyumba vitatu. Anamwambia dalali kwamba anataka Sh15 milioni. Dalali anamtafuta mnunuzi na kumwambia kwamba mwenye mali hashuki chini ya Sh20 milioni. Mnunuzi anakubali. Siku ya malipo, dalali anahakikisha kwamba wawili hao hawazungumzi peke yao. Mjane anapewa Sh15 milioni zake, anashukuru, na anatoa asilimia 10 ya dalali, yaani Sh1.5 milioni. Mnunuzi naye alikwisha kutoa Sh500,000 za kuzungushwa na za usumbufu.

Hesabu ni rahisi. Mnunuzi ametoa Sh20.5 milioni. Mjane amebaki na Sh13.5 milioni. Katikati pamepotea Sh7 milioni, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya fedha zote alizotoa mnunuzi. Mjane anaamini dalali amepata Sh1.5 milioni. Mnunuzi anaamini dalali amepata Sh500,000. Kila mmoja anaijua sehemu yake tu.

Kwa familia ya mkulima, Sh5 milioni za cha juu si jambo la mzaha. Ni ng'ombe kadhaa, ni ada ya miaka ya mtoto, au ni mtumbwi mpya na nyavu zake. Fedha hizo hazikuibwa usiku kwa kuvunja mlango. Zilichukuliwa mchana, kwa tabasamu, na aliyechukuliwa alitoa asante.

Mteja hewa

Upande wa mnunuzi nao una ugonjwa wake. Mtu aliyeko Dar es Salaam ameona picha za nyumba kwenye simu. Anatoa bei ya Sh12 milioni. Baada ya saa mbili dalali anampigia na kumwambia kwamba amejitokeza mtu mwingine mwenye Sh13 milioni taslimu. Anaongeza. Jioni anaambiwa yule mwingine amefika Sh14 milioni. Anaongeza tena, maana ameshaipenda nyumba na anaogopa kuikosa.

Je, yule mtu mwingine yupo? Inawezekana yupo kweli. Inawezekana pia ni mteja hewa, kama walivyokuwa wafanyakazi hewa waliokuwa wakilipwa mishahara bila kuonekana kazini. Mnunuzi hana njia ya kuthibitisha, na muuzaji, ambaye angeweza kumwambia ukweli, hajui hata kwamba mnada unaendelea kwenye simu ya dalali.

Kuna hali ya tatu, iliyo mbaya zaidi kwa muuzaji. Watu wawili wametoa bei, mmoja Sh16 milioni na mwingine Sh14 milioni. Huyu wa pili amemwahidi dalali kifuta jasho kizuri pembeni. Bei ya Sh16 milioni haimfikii mwenye nyumba kamwe. Anaambiwa: "Biashara ni ngumu mzee wangu, huyu wa 14 ndiye pekee aliyejitokeza. Tusimwache."

Katika hali zote tatu chanzo ni kimoja. Bei zinazotolewa hazina kumbukumbu, na anayezibeba mdomoni ndiye huyo huyo anayefaidika zikipotea njiani.

Sheria inasema nini?

Tanzania ina sheria nyingi zinazogusa uuzaji wa ardhi, lakini hadi Toleo la 2023 la Sera ya Taifa ya Ardhi lilipozinduliwa mjini Dodoma mwezi Machi 2025, ilikuwa haijapata sheria maalumu ya kumsajili dalali wa nyumba, kumpa masharti ya kazi na kumfutia usajili akikosea. Wathamini wana Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 na bodi yao. Madalali wa mahakama wana kanuni zao. Wanadishaji wana Sheria ya Wanadishaji, Sura 227, ya tangu enzi za Mwingereza. Dalali wa kawaida, yule anayesimama chini ya mti akiwa na simu mbili, hana bodi.

Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayokataza wageni kufanya aina 15 za biashara, na udalali wa biashara na wa nyumba ni miongoni mwake. Amri hiyo inajibu swali la nani awe dalali. Haigusi swali la jinsi dalali anavyopaswa kushika bei za watu.

Hata hivyo, si kweli kwamba mwenye mali hana kinga. Sheria ya Mikataba, Sura 345, ina sehemu nzima inayohusu wakala na mtu aliyemtuma. Dalali uliyemtuma akuuzie nyumba ni wakala wako. Wakala anapaswa kutoa hesabu akiombwa na aliyemtuma. Akifanya biashara hiyo kwa faida yake mwenyewe bila wewe kujua, sheria inakupa haki ya kudai faida aliyoipata. Kwa maneno mengine, cha juu alichojiwekea kwa siri si chake kisheria, ni chako.

Vilevile, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa serikali peke yao, kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 15 kinamgusa wakala yeyote anayepokea manufaa kwa njia ya rushwa ili afanye au asifanye jambo katika shughuli za aliyemtuma. Dalali anayelipwa na mnunuzi mmoja ili afiche bei ya mnunuzi mwingine anacheza karibu sana na kifungu hicho. Sheria hiyo hiyo inazungumzia pia matumizi ya nyaraka za kumdanganya aliyemtuma wakala. Na anayechukua fedha za mtu kwa kusingizia mteja asiyekuwepo anaweza kujikuta akijibu shtaka la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu.

Ugumu uko katika ushahidi. Haki hizo zote zinahitaji karatasi, na biashara ya udalali vijijini hufanywa kwa mdomo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ardhi ya kijiji ina wenyewe

Mnunuzi anayetoka mjini anapaswa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini kama Suguti inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ardhi hiyo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mwenye hakimiliki ya kimila anaruhusiwa kuihamisha, lakini anatakiwa kuijulisha halmashauri ya kijiji mapema, siku zisizopungua 60 kabla, na halmashauri hiyo ina mamlaka ya kukataa. Mnunuzi asiye mkazi anaulizwa pia kama atakuja kuishi au kufanya kazi kijijini.

Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema tangu mwaka 1985 kwamba ununuzi wa ardhi ya kijiji bila idhini ya mamlaka ya kijiji hauna nguvu. Imerudia msimamo huo katika kesi za miaka ya karibuni. Kwa hiyo dalali anayesema "tusiwahusishe viongozi, watatuchelewesha" anakuuzia kesi, hakuuzii kiwanja.

Kupita kijijini kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Muuzaji na mnunuzi wakikaa meza moja mbele ya mwenyekiti, mtendaji na majirani wa mipaka, bei inatajwa mbele ya wote. Cha juu huishi gizani. Kikao cha kijiji kinawasha taa.

Tahadhari inahitajika pia kwa viongozi wenyewe. Iwapo kijiji kina ushuru wowote kinachotoza, ulipwe kwa stakabadhi ya halmashauri ya kijiji. Fedha inayotiwa mfukoni mwa kiongozi bila stakabadhi ni cha juu kingine kilichovaa kofia ya serikali.

Jambo la familia nalo si la kuachwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi asiridhike na maneno ya dalali kwamba "mama amekubali". Amuone mama huyo, na asaini. Kwa mali ya marehemu, anayeuza awe ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto mkubwa tu aliyepewa heshima na wenzake.

Wenzetu wanafanyaje?

Kenya ilitunga Sheria ya Mawakala wa Nyumba mwaka 1984. Sheria hiyo, Sura 533, iliunda bodi ya usajili, na kufanya kazi ya uwakala bila kusajiliwa ni kosa. Madalali wasiosajiliwa hawajaisha nchini humo, lakini mwananchi aliyedhulumiwa na wakala aliyesajiliwa ana mahali pa kugonga hodi.

Uingereza ina sheria ya mwaka 1979, na amri ya mwaka 1991 inayomtaka wakala kumfikishia muuzaji bei zote zilizotolewa, kwa haraka na kwa maandishi. Amri hiyo inamzuia pia kusema uongo kuhusu kuwepo kwa mnunuzi mwingine. Mteja hewa, kwa hiyo, amekatazwa huko kwa maandishi.

Uswidi imekwenda mbali zaidi. Wakala analazimika kutunza orodha ya bei zote: nani alitoa, kiasi gani, saa ngapi na kwa masharti gani. Biashara ikikamilika, muuzaji na mnunuzi hupewa orodha hiyo. Norwe ina daftari la namna hiyo, na hata aliyeshindwa anaweza kuomba kuliona, majina yakiwa yamefichwa. Nchini Canada, jimbo la Ontario limeruhusu tangu Desemba 1, 2023 kwamba muuzaji akipenda, wanunuzi waonyeshwe bei zilizotolewa na wenzao. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa akipiga bei kwa kubahatisha gizani.

Lakini hakuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta somo. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanalijua. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye zao hilo msimu wa 2007/2008, wanunuzi walikuwa wakiandika bei zao na kuzitia katika sanduku, kisha sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Bei zilisomwa moja moja kwa sauti, na wakulima wakakubali au wakakataa kuuza. Katika msimu wa 2024/2025 minada hiyo iliendeshwa kwa njia ya kielektroniki chini ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mfumo huo una malalamiko yake, hasa ya malipo kuchelewa, lakini hakuna mkulima anayeondoka mnadani bila kujua bei ya juu ilikuwa ngapi. Kama kilo ya korosho inaweza kusomewa bei hadharani, nyumba ya mtu haina sababu ya kuuzwa kwa minong'ono.

Hata ile sheria ya zamani ya wanadishaji ililiona jambo hili. Inataka mnada wa ardhi utangazwe siku zisizopungua 14 kabla, na tangazo lisiwe la karatasi peke yake bali pia kwa njia inayoeleweka na wasiojua kusoma. Benki inapouza nyumba ya mkopaji aliyeshindwa kulipa, Sheria ya Ardhi inaitaka itafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake, mpaka ithibitishe vinginevyo. Maana yake ni kwamba aliyeshindwa kulipa mkopo amewekewa ulinzi wa bei, wakati mjane anayeuza kwa hiari yake kupitia dalali hana.

Daftari la kurasa mbili

Wakati sheria ya madalali ikisubiriwa, muuzaji anaweza kujilinda kwa daftari la shule la bei ndogo. Ukurasa wa kwanza ni makubaliano na dalali. Yaandikwe majina ya pande zote mbili na namba za vitambulisho, mali inayouzwa na mipaka yake, bei ya chini anayoitaka mwenye mali, na malipo ya dalali. Iandikwe wazi kwamba dalali hatachukua kitu chochote kwa mnunuzi bila muuzaji kujua, na kwamba bei yoyote itakayotolewa italetwa kwa muuzaji siku hiyo hiyo. Wote wasaini mbele ya mashahidi wawili.

Ni vizuri malipo ya dalali yawe asilimia ya bei halisi ya mwisho. Hapo naye atatamani bei ipande kwa wazi, kwa kuwa fungu lake litapanda pamoja nayo. Mwenye mali anayesema "mimi nipe 15 zangu, zitakazozidi ni zako" amejifungia mlango mwenyewe. Hawezi kulia baadaye kwamba dalali aliuza kwa 20, maana alimruhusu.

Ukurasa wa pili ni orodha ya bei. Unachorwa mistari mitano: tarehe na saa, jina la mnunuzi, namba yake ya simu, bei aliyotoa, na masharti, kwa mfano kama atalipa kwa mkupuo au kwa awamu. Kila bei inaandikwa, hata ya chini. Dalali akileta bei bila jina wala simu, iandikwe hivyo hivyo. Mteja mwenye nia ya kweli haogopi jina lake kuandikwa, na mteja hewa hana simu ya kupigiwa.

Mnunuzi naye ana kazi yake. Amwombe dalali amkutanishe na mwenye mali kabla ya kutoa hata shilingi ya kianzio. Bei yake aitume kwa ujumbe wa maandishi kwenye simu, si kwa maneno tu, na nakala imfikie muuzaji. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa muuzaji, kupitia benki au simu, ili ubaki ushahidi wa nani alimlipa nani na lini. Dalali alipwe peke yake na atoe stakabadhi.

Kwa eneo lililopimwa na lenye hati, mnunuzi afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kujua jina la mmiliki na kama mali imewekwa rehani. Kwa eneo la kijiji lisilo na hati, aende uwanjani na majirani wa pande zote nne. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha haki katika ardhi uwe wa maandishi, kwa hiyo makubaliano ya mdomo, hata yaliyofanywa mbele ya wazee, hayatoshi.

Bei ya karatasi na bei ya kweli

Madalali wengine huwashauri wateja kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi. Ushauri huo una sumu ndani yake. Mauzo yakivunjika, mnunuzi aliyelipa Sh20 milioni huku mkataba ukisema Sh15 milioni atapata shida kudai zile Sh5 milioni. Karatasi ya bei ndogo ndiyo pia inayomsaidia dalali kuficha cha juu.

Zaidi ya hayo, wakulima wengi huogopa kodi ambayo pengine haiwahusu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeiacha nje ya kodi ya ongezeko la mtaji ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya Sh10 milioni, kama imetumika kwa kilimo kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia mauzo. Nyumba ya kuishi aliyoimiliki mtu na kuishi humo kwa miaka mitatu nayo ina msamaha, iwapo faida haizidi Sh15 milioni. Kwa wengine, mkazi hulipa asilimia 10 ya faida, na tangu Julai 2023 asiye na kumbukumbu za gharama zake anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kabla ya kudanganya, ni heri kuuliza katika ofisi ya TRA. Kuuliza si ujinga.

Ukidhulumiwa uende wapi?

Mgogoro wa ardhi huanzia baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kuamua. Suluhu ikishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwa wakazi wa Suguti ni la Musoma. Suala la udanganyifu wa fedha ni la polisi, na la hongo ya siri ni la TAKUKURU. Popote atakapokwenda, mlalamikaji ataulizwa swali moja: "Una maandishi gani?"

Madalali wenyewe nao wana la kufikiri. Katika kila kata wamo waaminifu wanaoishi kwa jina zuri, na hao ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa mteja aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona ung'ongo. Hawana haja ya kusubiri Bunge. Wanaweza kuunda umoja wao, wakajiandikisha kijijini, wakakubaliana kiwango kimoja cha malipo na kutumia daftari la bei la aina moja. Halmashauri za vijiji nazo zinaweza kuamua kwamba hakuna mauzo yatakayojadiliwa bila orodha ya bei kuletwa mezani pamoja na maombi. Uamuzi huo hauhitaji bajeti. Unahitaji daftari na kalamu.

Ardhi ya kando ya ziwa haitaongezeka, na wanaoitaka wanaongezeka kila mwaka. Yule mjane wa kwenye mfano atauza mara moja tu katika maisha yake, na hatakuwa na nyumba nyingine ya kujifunzia makosa. Siku dalali atakapofika na kusema amepata mteja, swali la kwanza lisiwe "Atalipa lini?" Liwe "Wametokea wangapi, na kila mmoja ametoa ngapi?"